Alama ya Moto

Siku ninayoikumbuka kuliko zote, mwanangu, ni ya harusi yangu hapa Kaole, enzi za Mwingereza. Siikumbuki kwa ajili ya bwana harusi, Mungu amrehemu, ingawa alipendeza. Naikumbuka kwa pilau ambayo hakuna aliyetaka kuigusa.

Mimi si msomi. Nilisoma chuo cha Kurani tu, kuandika nikajifunza ukubwani kwa kuokoteza, na kila nishikapo kalamu hujiuliza kama nasema yaliyokuwa au niyapendayo. Nitajitahidi.

Shangazi Mwanaidi ndiye aliyenilea baada ya mama kufariki. Hapakuwa na sherehe Kaole iliyopikwa bila yeye. Mwezi ule mtoto wa jirani yetu, Bi Tatu, alishikwa na homa isiyoachia, na mama yake akaenda kwa mpiga bao. Simlaumu, mfa maji haachi kutapatapa. Na kwa haki ya Mungu, mpiga bao hakumtaja mtu. Alichora mchanga wake akasema, "Ni mwanamke wa karibu, huingia kwako bila hodi, mkononi ana alama ya moto."

Basi. Yaliyobaki watu waliyajaza wenyewe. Shangazi alikuwa na kovu kiganjani, la mafuta ya vitumbua.

Hakuna aliyemwita mchawi usoni. Akimpelekea mtu chakula, huambiwa, "Ahsante, nimeshiba." Shibe za watu zikamkondesha shangazi. Akafunga furushi lake, akasema akishaniozesha atahamia Lugoba. Na yeye ndiye aliyekuwa akimkeshea mtoto yule! Sasa mlango umefungwa, wala mtoto hapelekwi hospitali, kwani homa ya kutupiwa, walisema, haitaki sindano.

Siku ya harusi masinia yakatandazwa mbele ya wanawake. Hakuna mkono uliokwenda.

"Tumeshiba."

"Mie tumbo, dada."

Nilikuwa nyuma ya pazia na hina yangu, nikauona uso wa shangazi. Mpaka leo siwezi kuueleza.

Ndipo akainuka somo yangu, Bi Zena, kikongwe aliyenifunda mambo ya nyumba, ulimi wake pilipili.

"Mmeshiba nini nyie, upepo? Haya, nyoosheni mikono! Mwenye alama ya moto tumjue leo."

"Bibi, si leo, leo harusi," mmoja akanong'ona.

"Ndiyo maana nimevaa kanga mpya. Nyoosha!"

Nikatoka nyuma ya pazia, jambo asilolifanya bibi harusi, nikawa wa kwanza kunyoosha mkono. Katikati ya hina ilionekana alama ya sufuria ya maharage. Akafuata Bi Zena. Kisha mwingine, na mwingine: huyu chungu, huyu figa, huyu mvuke wa wali. Mwanangu, hapakuwa na mkono mzima! Mwisho Bi Tatu mwenyewe akafungua kiganja chake, akakitazama, akalia.

"Alhamdulillahi," akasema Bi Zena, "Kaole nzima wachawi. Na asiye na alama ndiye wa kuogopwa, maana huyo hapiki!"

Vicheko vikapasua nyumba, vigelegele vikafuata. Bi Tatu akamega tonge la kwanza mbele ya shangazi, akalila machozi yakimdondoka. Shangazi hakungoja kuombwa radhi.

"Mtoto yuko wapi? Mleteni, twende hospitali."

Akambeba mwenyewe, kwa mkono uleule. Mtoto akapewa kwinini, na siku chache baadaye akaamka akidai vitumbua. Huenda ni dawa, huenda ni dua, nisilolijua silisemi. Furushi lilifunguliwa, na shangazi akaja kupika arobaini za kuzaliwa wanangu wote.

Mwanangu, kama wapo waonao yaliyofichika, hilo namwachia Mola. Lakini usiniambie bao halimdhuru mtu. Neno lisilo na jina hutafuta wa kumwangukia, na humkuta kwanza aliye karibu nawe, yule aingiaye bila hodi kwa kuwa anakupenda. Ukiambiwa adui yako ana alama, tazama kiganja chako kwanza. Kisha mpeleke mgonjwa kwenye dawa, na chakula cha jirani ukile.

Mola akujaalie mikono yenye makovu ya jikoni, na sinia lako lisikose watu. Amin.