Swali Tulilowauliza Waombaji wa Ustawi wa Jamii

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika mapema mno, nikakuta mlango wa idara umefungwa na korido nzima inanukia nta ya kung'arishia sakafu. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini, katika chuo kimoja cha Kaunti ya Prince George's, upande wa Maryland, karibu na Washington. Nilikuwa nimevaa koti zito la kuazima kwa jirani yangu wa Adelphi, kwa sababu lile nililokuja nalo kutoka Dodoma lilikuwa halifui dafu mbele ya baridi ile. Nyumbani nilikuwa karani katika ofisi ya mkoa ya ustawi wa jamii. Nilijua kupokea watu wenye shida, kuwapa kiti, na kutafuta jalada lao bila kuwahoji mbele za watu. Marekani nilianzia kwenye ghala moja la Landover, nikipanga maboksi. Nilipoitwa kwa kazi hii ya karani wa udahili, nilijiona kama mtu aliyerudishiwa jina lake.

Aliyekuja kufungua mlango alikuwa Mkuu wa Idara mwenyewe, mama Mmarekani mweusi, mrefu, kichwa kimeanza kuota mvi, aliyejifunza Kiswahili chuoni enzi za ujana wake na hakutaka kukiacha.

"Shikamoo, mama," akaniambia.

Tulikuwa rika moja, na pengine yeye alinizidi. Nikababaika. "Marahaba," nikaitikia, kisha nikaona nimekosa adabu, nikaongeza haraka, "na wewe shikamoo."

Akacheka. "Mimi ninajua salamu, lakini mimi sijui nani anaanza," alisema kwa kile Kiswahili chake cha darasani. Tukakubaliana kwamba kila asubuhi atakayewahi kufika ndiye wa kuamkiwa. Basi mama yule akaanza kufika alfajiri.

Niwaeleze kazi yenyewe, maana vijana wengi hudhani udahili ni kupiga mihuri tu. Anayetaka shahada ya kwanza ya ustawi wa jamii pale kwetu alikuwa anaomba mara mbili. Kwanza aliingia chuoni kama mwanafunzi yeyote, akasoma saikolojia, sosholojia, biolojia na takwimu. Baada ya hapo ndipo alipoomba kuingia idarani. Mlango huo wa pili ulikuwa mwembamba kwa sababu kila mwanafunzi alilazimika kufanya mafunzo ya nyanjani, yaani kupelekwa hospitali, shuleni au kwenye makazi ya wasio na nyumba, afanye kazi na watu halisi chini ya jicho la msimamizi aliyebobea. Wasimamizi walipokuwa wachache, na nafasi zikawa chache. Jalada la mwombaji lilikuwa na matokeo yake, barua za wadhamini, na andiko binafsi lililojibu swali moja: Ni jambo gani lililokupata maishani lililokuvuta kwenye taaluma hii?

Maandiko hayo niliyasoma nikiwa na leso karibu. Vijana waliandika habari za baba mlevi, mama aliyefariki, usiku wa kulala ndani ya gari. Aliyeyasoma kwa makini kuliko sote ni Mratibu wa Mafunzo ya Nyanjani, mzee wa Kizungu, mwembamba, aliyefanya kazi ya ulinzi wa watoto mjini Washington kabla ya kuja kufundisha. Alikuwa anatafuta kitu walichokiita kujitambua: mtu ayajue maumivu yake mwenyewe asije akammwagia mteja. Mteja kwetu ni yule anayekuja kusaidiwa, ingawa hanunui kitu.

"Mama Neema," aliniambia siku moja akinirudishia majalada, "huruma wanayo wote hawa. Mimi namtafuta yule ambaye huruma yake haitamharibia kazi."

Nilimwogopa kidogo, lakini nilimheshimu. Majira ya baridi ya mwaka ninaotaka kuwasimulia alifiwa na mkewe. Alikaa nyumbani siku chache, akarudi kazini na tai yake ileile, na hakuna aliyethubutu kumwuliza zaidi ya hali ya hewa.

Ndipo alipokuja mwombaji mmoja mama wa Kikongo. Yeye mwenyewe amenikubalia nisimulie habari zake bila kumtaja jina, kwa hiyo nitamwita Furaha. Alikuwa amekaribia miaka arobaini, mkimbizi kutoka Kivu, anaishi Adelphi na anafanya kazi katika nyumba ya wazee huko Laurel, akiwaogesha na kuwalisha. Alikuwa amesoma masomo yale ya mwanzo polepole katika koleji ya jamii, vile vyuo vya ada nafuu, akijifunza Kiingereza huku akifanya mitihani kwa Kiingereza hichohicho. Sasa pale kazini walitaka kumpandisha awe kiongozi wa zamu ya jioni, zamu ambayo ingemfungia masomo kabisa. Walimpa mwezi mmoja wa kuwajibu. Kama idara ingemkataa angeikubali kazi ile, na nilivyomwona, asingerudi tena kugonga.

Jalada lake lilikuwa zuri, ila andiko lake lilikuwa na sentensi moja: Ninataka kazi hii kwa sababu ninajua kukaa na watu. Nikamwita.

"Mdogo wangu, hapa hujajibu swali," nikamwambia. "Wanauliza yaliyokupata. Andika hata kidogo tu. Wakiyasoma watakuchukua."

Alinitazama kwa upole. "Mama, ile mambo ni ya kwangu. Siwezi kuiuzisha juu nipate nafasi."

"Si kuuza. Wote wanaandika."

"Wenye kuandika, waandike. Miye nilipoteza batoto. Nikiweka kwa karatasi, batu basome, baseme maskini huyu, wanipe kiti? Hapana, mama. Merci."

Akafunga vifungo vya koti lake akaondoka kuwahi basi. Nilibaki nimeshika jalada lile, nisijue niliweke upande gani. Nikampelekea Mkuu wa Idara. Alilisoma mara mbili.

"Tunawafundisha darasani kwamba siri ya mteja ni mali ya mteja," alisema kwa Kiingereza, "halafu mlangoni tunawadai zao." Akaamua Furaha aitwe kwenye usaili kama wengine.

Usaili ulifanywa mbele ya kamati ya watu watatu: Mkuu wa Idara, Mratibu, na mhadhiri kijana wa masomo ya familia. Mimi nilikaa pembeni nikiandika kumbukumbu. Sehemu ya mwisho ilikuwa igizo. Mratibu alijifanya mzee mjane ambaye watoto wake wanataka kumhamisha nyumbani kwake, na mwombaji akawa ofisa aliyetumwa kuzungumza naye. Mzee yule wa igizo alikuwa yuleyule kila mwaka, maneno yake nilikuwa nimeyakariri. Nilitegemea mwaka ule Mratibu angebadilisha igizo, lakini hakulibadilisha. Sijui kwa nini.

Akavuta kiti dirishani, akakunja mikono. "Nimeshawaambia wanangu siondoki. Na wewe nenda zako."

Hapo waombaji wengi walikuwa wanaanza kubembeleza, au kumtajia huduma zote za kaunti kama wanaosoma orodha. Furaha alichukua kiti chake akakiweka ubavuni mwake, wote wawili wakawa wanatazama nje.

"Sikuja kukuondoa, baba," alisema kwa Kiingereza chake cha taratibu. Akanyamaza. Kimya kile kilikuwa kirefu mpaka mhadhiri kijana akaanza kujikuna shingo. Kisha Furaha akauliza, "Hapa dirishani unatazama nini?"

"Bustani," akasema Mratibu.

Nikainua kalamu. Mzee wa igizo hakuwahi kuwa na bustani.

"Ya mke wangu," akaendelea, na sauti haikuwa ile ya kuigiza. "Aliipanda yeye. Sasa majani yameanza kuchomoza, na mimi sijui lipi ni ua na lipi ni gugu. Sijawahi kumwuliza."

Mkuu wa Idara akainamisha macho mezani. Furaha alimtazama mzee yule usoni mara moja, na mimi nikaona kwamba ameelewa. Hakumshika mkono. Hakumwambia pole.

"Usiyang'oe," alisema. "Yaache yote. Yakichanua, utajua ni nini alipanda."

Mratibu akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya tai yake, na ikamchukua muda.

"Tuendelee, au tupumzike kwanza?" Furaha akamwuliza.

"Inatosha," alijibu. "Asante, mama."

Furaha alipotoka, mhadhiri kijana ndiye aliyeanza kusema, na alisema haki. "Ameniingia moyoni, sikatai. Lakini wengine wote walijibu swali la andiko, wengine kwa machozi. Tukimsamehe huyu peke yake, wale tutawaambia nini?"

Wote wakamgeukia Mratibu. "Mimi sitapiga kura," alisema. "Leo nilikuwa mteja wake. Mteja hakai kwenye kamati."

Akakusanya karatasi zake akatoka, akafunga mlango taratibu. Nimewasikia maprofesa wengi wakihutubia juu ya maadili ya taaluma, lakini sijasikia somo lililonikaa kama lile.

Mkuu wa Idara akafikiri, kisha akasema, "Kama tatizo ni swali, tulibadilishe kwa wote. Anayetaka kuandika upya aandike, anayeridhika na andiko lake aliache." Akanigeukia na kuingia kwenye Kiswahili. "Mama Neema, wewe ungeuliza nini?"

Sikuwa nimezoea kuulizwa ndani ya kamati. Nikamkumbuka Ofisa Ustawi wa Jamii wa Mkoa, bosi wangu wa Dodoma, mzee wa maneno machache. Alipokuwa anachagua watu wa kujitolea makao ya watoto, hakuwauliza wamepatwa na nini. Aliwauliza, "Umewahi kumwona nani akimsaidia mtu vizuri? Alifanyaje?" Nikawaambia hivyo. Mhadhiri kijana akaliandika, akalisoma kwa sauti, akalirudia. "Hili naliafiki," alisema. Mchana ule nikaanza kuwapigia waombaji wote kuwaeleza.

Furaha alileta andiko jipya baada ya siku chache. Aliandika juu ya mwanamke mmoja kambini aliyekuwa anaamka kabla ya wengine kuchota maji, kisha anasimama njiani wanakopita wageni waliowasili. Alikuwa anampa kila mmoja kikombe anywe, na hakumwuliza mtu jina wala alikotoka mpaka amemaliza kunywa. Habari zake mwenyewe hakuandika hata neno. Mkuu wa Idara na mhadhiri kijana wakampitisha pamoja.

Barua ya kukubaliwa ilipomfikia alikuja ofisini akiwa bado na sare ya kazini, akaketi mbele ya meza yangu. Alianza kusema asante, machozi yakamtoka. Nikafunga mlango. Alilia kwa muda, mimi nikiwa nimekaa tu. Alipotulia alinitajia majina ya watoto wake wawili na jinsi kila mmoja alivyopenda kuitwa. Basi, majina tu. Sikuyaandika popote na hapa siyaandiki, lakini ninayo.

Mwezi wa tano, Mratibu alikuja na maua ya rangi ya zambarau ndani ya kikombe cha kahawa, akayaweka mezani kwangu na kuuliza kama kuna barua zake.

Msidhani mambo yalikwenda mteremko tangu hapo. Furaha alianguka takwimu akarudia. Mafunzo ya nyanjani alipangiwa kwenye kituo cha wazee, chini ya Mratibu, naye hakumwonea haya. Alipogundua kwamba siku zake za mapumziko Furaha huenda kumpikia bibi mmoja, mteja wake, nyumbani kwake, alimwita.

"Siku ukiugua, nani atampikia?" alimwuliza. "Umemtafutia chakula, au umemfanya akutegemee wewe?"

Furaha alikuja kwangu amefura. "Huyu papa hana moyo," alisema, maana kwao mzee huitwa papa. Nikamwacha aseme yote. Wiki iliyofuata alishinda kwenye simu akimtafutia bibi yule huduma ya kupelekewa chakula nyumbani, akaipata. Baadaye alinieleza kwamba siku aliyoacha kumpikia ndiyo siku bibi yule alipoanza kumsimulia maisha yake. Mwaka wa mahafali alivaa joho juu ya kitenge, na Mratibu, aliyekuwa amekaribia kustaafu, alisimama kwenye safu ya walimu akaendelea kupiga makofi hata wenzake walipokwisha kuketi. Furaha akaajiriwa hospitali, na huko akaja kuwa msimamizi wa wanafunzi.

Wakuu wa Idara wengine walikuja baada ya yule mama wa shikamoo. Mmoja alipenda mikutano, mwingine kompyuta, na wote nilielewana nao. Swali letu lilibaki. Sasa nimestaafu, nakaa Laurel na mwanangu Neema, magoti yananisumbua, na vijana hunipigia kuuliza wasomee nini. Nawaambia ustawi wa jamii hautawapa utajiri. Watakutana na watu siku zao mbaya kuliko zote, na wengi wao hawatakumbuka kusema asante. Ukiweza kuishi na hilo, nenda, kwa sababu kazi ni nzuri sana.

Siku yangu ya mwisho kazini niliomba nimpigie simu mwombaji mmoja aliyekubaliwa, badala ya kumwachia habari kwenye barua. Jina lilikuwa la kwetu. Baba yake ndiye aliyepokea, Mtanzania, kwa sauti ya mtu aliyetoka zamu ya usiku na kuamshwa usingizini. Nikamsalimu, nikamwambia binti yake amepata.

"Amepata nini, mama?"

"Nafasi, baba. Ustawi wa jamii. Ameingia."

Nikasikia simu inawekwa juu ya meza, na miguu inakimbia kwenye sakafu ya mbao, na baba yule anaita jina la binti yake chumba hadi chumba. Binti akajibu kutoka mbali, "What, Dad? What happened?" Mwanamke mmoja akapiga vigelegele kabla hajajua sababu. Kwenye simu yangu hakukuwa na mtu, wamenisahau. Wenzangu walikuwa wananingoja na keki chumba cha pili. Nikawapungia mkono waanze bila mimi, nikakaa, nikaendelea kusikiliza.