Gari la Mirihi Lavuka Vumbi la Magadi

Tuliondoka kwa sababu moja tu. Vijana wa kidato cha nne walikuwa na volkeno ya sabuni, sisi tulikuwa na gari la kutembea sayari ya Mirihi, na shule ingepeleka kazi moja tu kwenye mashindano ya sayansi. Bwana Karanja, mwalimu wetu wa fizikia, alikata shauri: "Likivuka vumbi la Ziwa Magadi kwa nguvu za jua, mnakwenda ninyi. Likikwama, volkeno."

Alfajiri, Buruburu, Nairobi. Mimi na rafiki yangu Musa tulipakia gari letu kwenye lori la shule. Lilikuwa la waya, kama yale tuliyosukuma utotoni, ila hili lilikuwa na mota tuliyoing'oa kwenye redio kaseti iliyokufa, na juu yake paneli ya jua ambayo mwalimu alituazima huku akituapisha tuitunze.

Baada ya Ngong barabara iliteremka na joto likapanda. Mwalimu akatueleza kwamba Mirihi ni baridi kali na jua lake ni dhaifu kuliko letu, lakini vumbi ni vumbi. Musa akauliza kama huko kuna kantini.

Magadi, kabla ya adhuhuri. Mwenyeji wetu, Mama Nashipai, alitupa chai, kisha yeye na binti yake, Nashipai, wakaja kutazama. Gari likaenda kidogo, upepo ukapita, paneli ikawa nyeupe, gari likazima. Musa akafanya vile tunavyong'arisha viatu kabla ya paredi: akatema mate, akasugua. Vumbi la magadi likawa uji.

"Kwani huko Mirihi mtampeleka nani akateme mate?" Nashipai alicheka. "Watu wa Nairobi, bwana!"

Swali lile lilinichoma, lakini likanipa akili. Tukakwangua uji. Nikaiinamisha paneli, nikaomba kijiko cha chai, nikakifunga kwa waya kando ya gurudumu ili kila linapozunguka kigonge fremu.

Alasiri. Ko, ko, ko! Gari likaondoka likijipiga, vumbi likidondoka. Upepo ukarudi. Mwendo ukapungua, na mwalimu akaanza kukohoa kikohozi cha volkeno. Ko... ko... Lakini halikusimama mpaka ng'ambo.

"Sasa nirudishieni kijiko cha mama," akasema Nashipai.

"Tutakirudisha mashindano yakiisha," akajibu Bwana Karanja. Musa nusura ambusu.

Jioni, Buruburu. Nilimweleza mama nilichojifunza: jua, hata likiwa dhaifu, litasukuma mtambo, mradi mtambo ujue kujipangusa wenyewe, kwa maana huko hakuna wa kuupangusa.

Mama akanitazama nilivyokuwa mweupe kwa magadi hadi kope, akanirushia sabuni.

"Haya basi, mtambo. Jipanguse."