Joto la Orpha

Chimène wa mtaa wa Mangobo hajui kusamehe, wala hajifichi. Jirani aliyemcheka siku ya harusi yake hajasalimiwa mpaka leo, na ndoa yenyewe ilishavunjika. Kwa hiyo Arsène alipomchokoza mwanamke huyu, tuseme ukweli, alijitakia mwenyewe.

Arsène ndiye mwenye chumba cha michezo ya video karibu na soko. Chimène hukaanga mikate mlangoni pake, ile midogo ya mviringo ambayo watu hula na chai asubuhi. Unga ukiisha anaingia ndani, anafuta mikono kwenye kitenge na kushika manette, kile kidude chenye vitufe vya kuchezea. Mchezo alioupenda ulikuwa wa wachawi na mapanga, na maandishi yake yalikuwa ya Kijapani. Hapo chumbani hakuna aliyeyajua. Kila mtu alikisia tu.

Kila shujaa wa mchezo huo ana mstari mwekundu juu ya kichwa. Kwa wengi mstari huanza umejaa, ukipiga unapungua, ukingoja unajaa tena. Watu waliuelewa upesi, maana umeme wa Mangobo unajulikana kwa kukatika na kila mwenye simu anajua kuhesabu chaji. Lakini kulikuwa na mchawi mmoja wa kike ambaye mstari wake ulianza mtupu. Wakasema hana chaji, wakamwacha.

Chimène akamchukua. Mchawi wake wa kwanza alimuungulia mikononi, akawa majivu, na mchezo haukumrudisha. Ndipo akaelewa kwamba hii si chaji hata kidogo, ni mafuta kwenye karai. Yakiwa baridi, mkate unayanywa na kuwa mzito. Yakipata moto, unaiva vizuri. Yakizidi, umeunguza. Kila pigo lilimpandisha mchawi joto, na kulikuwa na kitufe cha pembeni cha kumfanya apumue ili joto lishuke. Kidole cha Chimène kilikizoea kitufe hicho mpaka mtazamaji hakuweza kukiona kikifanya kazi. Mchawi wa pili alimpa jina la bibi yake aliyemlea kule Yanonge, Orpha. Akamkuza muda mrefu, hata vijana wa mtaa wa Simi-Simi wakawa wanakuja kumtazama anavyopiga.

Asubuhi moja akamkuta Orpha ana jina jingine: Boss Arsène.

“Mashine iko yangu,” Arsène akasema bila hata kugeuka. “Na vyenye viko ndani viko vyangu. We ukaange mikate, mama.”

Vijana wakacheka. Chimène akarudi kwenye karai lake. Hakutaka kuombwa radhi. Alitaka Arsène aaibike mbele ya watu walewale, na alikuwa tayari kungoja.

Hakungoja sana. Arsène alitangaza mashindano ya Jumapili, kisha akaja mlangoni kuomba mikate ya moto, akainama ili vijana wasimsikie.

“Dis donc, mama Chimène. Ile mustari ya rouge, naijazaka ao naipunguzaka?”

Chimène alikuwa anamchagulia mikate iliyoiva vizuri. “Ujaze tu, patron. Iko sawa chaji ya telefone. Ikijaa yote, hakuna mutu atakuweza.”

“Na kitufe ya pembeni?”

“Ile inaharibishaka chaji. Usiguse.”

Arsène akashukuru, tena kwa adabu. Chimène akaimba asubuhi nzima.

Jumapili chumba kilijaa mpaka watu wakasimama dirishani. Arsène aliwashinda wa mwanzo haraka, kabla joto halijapanda sana. Ndipo Chimène akasema, “Na mimi nijaribu, patron.” Akamchagua mganga, yule asiye na silaha, ambaye kazi yake ni kutoa moto wake na kumpa mwingine. Mchezo haukatazi kumpa hata adui.

Akampa. Arsène akapiga, naye akampa tena.

“Munaona? Ananichajia yeye mwenyewe,” Arsène akawaambia watu, na watu wakacheka.

Mstari ulipokaribia mwisho, moyo wa Chimène ukamuuma. Alimjua yule mchawi, hata namna anavyoinamisha kichwa kabla ya kupiga, kama bibi yake akipepeta mchele. Neno moja tu lingemwokoa. Chimène akalimeza, akampa moto wa mwisho.

Mchawi akasimama, akawaka mwili mzima, akakaa chini polepole, akawa majivu. Arsène akabonyeza kila kitufe alichokiona. Kwenye kioo yakaja maandishi yale yasiyosomeka, na katikati yake neno moja ambalo kila mtu aliliweza, kwa kuwa mchezo humzika mtu kwa jina lake la kwanza: ORPHA.

“Alors, Boss Arsène iko wapi?” mtu mmoja dirishani akauliza, na chumba kizima kikaangua kicheko.

“Uliniambia nijaze,” Arsène akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo.

“Nilikuambia. Mwenye alimulea angejua.”

Chimène akaweka manette mezani, akatoka. Nje alilia, na machozi yale yalikuwa ya Orpha peke yake.

Kesho yake Arsène akaja kununua mikate, maana hapo karibu hakuna mwingine anayekaanga. Chimène akamwamkia vizuri, akachukua gazeti, akamfungia ile iliyoungua.