Keki ya Kunyonya

Mpishi wa memsahib mmoja mzungu huko Kabazi alikuwa anapima kila mkebe wa keki kwa kiganja, anaugonga na pete, halafu anangoja kama utajibu. "Huu unatosha," anasema, na kila mara keki inafurika. Siku ya harusi ya binti yake mwenyewe, mpishi akatoa keki kwa friji ya mafuta ya taa, imeganda, imekuwa jiwe kabisa. Kisu kikapinda. Wakwe, waliosikia sifa zake hadi Subukia, wakasogea karibu kuona. Akapangusa mikono kwa aproni, polepole vile kawaida yake, akaitisha msumeno, akaikata vipande na kuvigawa.

"Keki ya wazungu haitafunwi, watu wangu. Inanyonywa."

Mashavu yote yakafura. Mzee Mburu, baba ya bwana harusi, mwenye jino moja, akacheka: "Hii sasa ndiyo keki! Zile zingine zilikuwa zinanionea."