Namba Aliyokataa Kuibadilisha

Mtaani walimwita Mstari, kwa sababu aliweza kupiga mstari mrefu kama ukuta wa duka bila rula wala kamba, brashi mkononi na sigara mdomoni. Ukija na rula yako kumpima, uliondoka na aibu yako. Alikuwa mchora mabango. Vinyozi, maduka ya dawa, mafundi simu, wauza magodoro, wote walipita mikononi mwake. Kibanda chake cha mabati kilikuwa pembeni ya soko, kimejaa makopo yaliyoganda midomo na harufu ya rangi ambayo mkewe aliikimbia zamani, akamkimbia na mwenyewe humohumo.

Kitu kimoja lazima kisemwe mapema: alikuwa na kiburi cha ukweli. Mwenye bucha mmoja alimwagiza ng'ombe wa kuchorwa ukutani. Mstari akaenda kwanza kuwaangalia ng'ombe wenyewe walikofungwa, akarudi akachora mnyama mbavu nje. Mwenye bucha akaja juu.

"Huyu vipi, mbona amekonda hivi?"

"Nimechora ulionao," Mstari akamjibu. "Ukinunua wanono, niite."

Watu walicheka wiki nzima, na yeye kichwa kikamvimba. Kwa kuwa kuvimba kule hakukumdhuru mtu, hakuna aliyemwonya.

Halafu kiwanda cha nguo kikaungua. Kilikuwa nyuma ya stendi ya mabasi, ghorofa tatu, wanawake mia mbili kwenye cherehani. Moto ulianza juu, saa nne asubuhi. Mlango wa ngazi ulikuwa umefungwa kufuli kwa nje, amri ya tajiri mwenyewe, ili wafanyakazi wasitoke na vipande vya vitambaa. Wanawake kumi na tisa hawakutoka. Mmoja wao alikuwa Mama Mapacha, jirani yake Mstari chumba kwa chumba, mwanamke wa kelele na vicheko, aliyekuwa akimgongea ukuta kila siku alfajiri: "Mstari, amka, jua limekutangulia!" Siku iliyofuata ukuta ulinyamaza, na Mstari akabaki kitandani anausubiri kama mjinga.

Tajiri hakufika kwenye mazishi hata moja. Wiki hiyohiyo alimwoza binti yake, na picha za keki ndefu kuliko mtu zikazunguka kwenye simu za watu waliokuwa bado na udongo wa makaburini kwenye viatu. Wakampa jina la Mwenye Funguo. Kesi ikafunguliwa, ikaahirishwa, ikaahirishwa tena. Hasira ya watu ilikuwa ya haki, asije mtu akadai vinginevyo. Yaliyofuata hayaifanyi kuwa si ya haki, na hilo ndilo linalouma.

Mstari akaenda kwenye ukuta wa soko na makopo yake. Siku mbili nzima. Alichora gari jeusi refu lenye vioo vyeusi, kioo cha nyuma kimeshushwa nusu, na Mwenye Funguo ndani anatabasamu, funguo zinaning'inia shingoni kama mkufu. Juu yake dirisha la ghorofa lenye mikono kumi na tisa. Na mbele ya gari akaandika namba yake, herufi kwa herufi, tarakimu kwa tarakimu, ileile ya kweli. Aliijuaje? Aliisoma kwa raha zake uani kwa dada yake. Dereva wa gari lile alikuwa shemeji yake, mume wa dada huyo, mdogo wake wa mwisho, na mara mojamoja alipita nalo nyumbani kula chakula cha mchana.

Dereva mwenyewe Mstari hakumchora. Upande wake alipaka kioo cheusi tii, akajiambia anamsitiri shemeji asije akafukuzwa kazi. Ikawa gari linakwenda lenyewe, halina mtu wa kuliendesha, na katika mamia waliosimama kulitazama hakuna aliyeuliza.

Picha ilipendwa mno. Watu walitoka mitaa ya mbali kuja kupiga picha mbele yake. Watoto wa shule waliigeuza ile namba wimbo wa kurukia kamba. Mstari alikuwa akipita hapo mara sita kwa siku, hata asipokuwa na safari.

Baada ya wiki mbili shemeji akaja kibandani. Alikuwa mtu mpole, shati lake siku zote limepigwa pasi, akisimama mikono nyuma kama anasubiri kuitwa. Alizunguka kwanza na habari za watoto, akazunguka na za mvua, mwisho akatua.

"Shemeji, ile picha ni nzuri. Ukweli mtupu. Ila ile namba."

"Ina nini?"

"Ile tatu ya mwisho. Igeuze nane basi. Ni mkono mmoja tu wa brashi."

"Tajiri wako amekutuma?"

"Tajiri hata hajui soko liko wapi. Jana nimesimama kwenye taa za barabarani, watu wamelizunguka gari wakaanza kulipiga makofi. Nilikuwa peke yangu ndani."

Brashi ilikuwa mkononi mwa Mstari. Kopo la rangi nyeupe lilikuwa wazi mezani. Kutoka pale mpaka ukutani hazikufika hatua arobaini.

"Shemeji," akasema, "picha ikishaingia uongo mmoja, imekwisha. Na wewe una kosa gani? Nani atakugusa? Watu wanamjua wanayemtaka."

"Watanijuaje mimi, na vioo ni vyeusi?"

"Basi acha kazi kwa yule muuaji."

"Nikiacha, watoto watakula picha yako?" Alisema hivyo anacheka, hakuwa na hasira hata chembe. Kisha akaitazama saa yake. "Haya, shemeji. Nimekusikia."

Akaaga vizuri, akaondoka. Mstari akarudi kwenye bango la fundi saa, na jioni ile alimsimulia kinyozi wa jirani jinsi alivyokataa kuuza ukweli wake. Kinyozi akampa mkono.

Siku tisa baadaye mahakama ikamwachia Mwenye Funguo, eti ushahidi hautoshi. Watu wakamwagika barabarani. Mstari alikuwa mbele mbele, sauti imeshamkauka, anamlilia Mama Mapacha. Walipofika kwenye zile taa, palikuwa na gari jeusi limesimama. Mmoja akasoma namba kwa sauti, wa pili akaipokea, na mara umati mzima ukawa unaiimba. Tusimfichie: kwa muda wa pumzi moja Mstari alifurahi. Kazi ya mkono wake ilikuwa midomoni mwa watu elfu.

Jiwe la kwanza lilipotua kwenye kioo ndipo akili ikamrudi.

"Ni dereva!" akapiga kelele. "Ni dereva tu huyo!"

Alisukuma, akavuta watu mashati, akapigwa kiwiko cha pua. Mwanamume mmoja aliyebeba picha ya mkewe aliyeungua akamgeukia, macho mekundu, akamuuliza, "Wetu walipogonga mlango, nani alisikia?" Mstari akaachia shati alilokuwa amelishika.

Shemeji alitolewa garini kichwa kimepasuka. Aliishi siku nne hospitalini bila kuzungumza. Mwenye Funguo alikuwa nje ya nchi tangu wiki iliyotangulia; mahakamani walisimama mawakili wake. Gari lilikuwa linapelekwa gereji kurekebishwa breki. Tajiri alituma shada kubwa la maua lenye kadi, na jina la marehemu kwenye kadi lilikuwa la dereva wake mwingine.

Msibani watu walisema yao. Kinyozi, yule yule wa kupeana mikono, alisema kwa sauti kwamba anayemtumikia mtu kama yule naye alijua anachofanya. Hakujua mjane yuko nyuma yake.

"Na wale waliokuwa wanamshonea nguo?" dada yake Mstari akamuuliza. "Wao hawakumtumikia?"

Kinyozi akaviangalia viatu vyake, akatafuta sababu ya kuondoka.

Kabla watu hawajatawanyika msibani, halmashauri ilikuwa imeshaupaka ukuta wa soko chokaa. Polisi waliuliza nani alichora, na soko zima halikumjua. Watu walidhani wanamfanyia wema. Laiti mmoja angemtaja, maskini, angalau angekuwa na mahali pa kusemea.

Miezi saba alikwenda kwa dada yake ng'ambo ya mji kila wiki. Aliziba paa. Alipaka milango rangi, akairudia ambayo haikuhitaji. Watoto walimwita mjomba na kumkalia mapajani, na kila mara neno lilimfika kooni likarudi chini. Kwamba alichora, dada alijua. Asichojua, Mstari alivyoamini, ni kwamba mumewe alikuja kuomba. Akimwambia atampoteza; asipomwambia, kila kikombe cha chai anachopewa pale ni cha wizi.

Mchana mmoja watoto walikuwa shule. Dada alikaa mlangoni anashona kifungo cha sare.

"Alikuja kuniomba," Mstari akasema.

"Nani?"

"Mumeo. Alikuja kibandani akaniomba niibadilishe ile namba. Tarakimu moja tu. Nikakataa."

Sindano ikasimama.

"Ulikataa?"

"Nilikataa, mdogo wangu. Rangi ilikuwa hapohapo mezani."

Mstari akajiandaa kwa matusi, kwa kilio, kwa mlango. Aliyataka yote hayo.

"Mimi ndiye niliyemtuma," dada akasema mwishowe. "Nilimwambia, nenda kwa kaka umwombe. Na akikataa, hulipandi tena lile gari, heri tulale njaa."

"Sasa mbona..."

"Alirudi anacheka. Akaniambia umekubali, tena hata hukumwacha amalize kusema. Akasema, 'Kaka yako ananipenda sana yule.'" Alikishika kile kifungo kati ya vidole, hakushona. "Miezi yote hii nimedhani uliibadilisha, ila watu walikuwa wameshaikariri."

Mstari akautazama mlango alioupaka rangi mara mbili.

"Asubuhi ile ya mahakama aliogopa," dada akasema. "Aliniuliza kama aende. Nikamwambia, nenda tu, kaka ameshaifuta."