Reli ya Jamvi, Reli ya Mkeka

Asubuhi hiyo nilitoka Mitwero bila mpango wowote, kompyuta yangu kuukuu begani, nikapanda basi dogo la kwanza lililosimama. Liliishia Mchinga, nami nikaishia huko huko.

Nilielekezwa kwa bibi mmoja mwenye chumba cha kupangisha. Nilimkuta barazani anasuka ukili, ule msuko wa ukindu unaoshonwa kuwa mikeka na majamvi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Kazi yako?"

Nikamwambia nachora. Siku hizo nilikuwa nimenogewa na programu ya kuunda treni za michezo, zile zinazopanda juu kuliko mnazi kisha zinaporomoka huku watu wakipiga mayowe. Shule niliiacha mapema. Programu ile nilijifunza kwa kuichokonoa tu.

"Mvivu simpi chumba. Nione hiyo kazi."

Nikafungua kompyuta. Treni ikapanda taratibu, ikafika kileleni, picha ikaganda.

"Imekufa," akasema, akarudia ukili wake.

Kosa lilikuwa langu. Programu hujenga reli kwa kuunga vipande vifupi vilivyonyooka, na mimi, kwa kupenda reli laini, nilikuwa nimeikata vipande vingi mno kila mahali. Kompyuta ikazidiwa. Nikavipunguza kila mahali. Safari hii treni ilikimbia bila kukwama, lakini kona zikawa na pembe kama kiwiko.

"Hapo utanivunja kiuno, mjukuu wangu!"

Pembeni yake palikuwa na majamvi ya kuanikia muhogo, ya ukili mpana. Mkononi alikuwa na ukili wa mkeka wa mjukuu wake anayeolewa, mwembamba kama utepe. Nikamuuliza kwa nini majamvi hakuyasuka vizuri hivyo.

"Muhogo una macho?"

Nilicheka, kisha nikaitazama upya reli yangu. Reli iliyonyooka nayo nani anaikagua? Penye mnyooko nikaacha vipande virefu, vichache. Penye kona tu nikakata vifupi, vingi.

Nikaianzisha tena. Ikapanda. Kileleni haikuganda. Ikaporomoka, ikazunguka kona ya kwanza laini kabisa, na bibi akanikamata mkono kwa kucha zote.

"Wee! Inatumwaga! Shika breki!"

Ikaingia kituoni salama. Akaniachia, akajitengeneza kanga, akaingia ndani. Aliporudi alikuwa na ufunguo.

"Chumba cha uani, karibu na kisima. Ila kesho tukipanda tena, mimi nikae behewa la nyuma."