Pesheni za uani kwangu Mpendae: maua tele, tunda hakuna, mpaka nilipobeba hotpoti

Wakuu, assalaam alaykum.

Haya yamenikuta mie mwenyewe, uani kwangu Mpendae. Chumvi nimeiacha jikoni.

Nna chanja cha pesheni za manjano (bara mnaziita pasheni, tusigombane). Kimetanda ua mzima, maua mpaka raha. Tunda? Hata moja la dawa.

Mbolea nshatia, maji nshamwaga, jirani kaniletea mpaka ubani nifukize. Wapi!

Sasa mume wangu ana dada yake, wifi Time. Anauza mkaa, na ua wangu kautolea macho: pazuri pa kuweka magunia yake. Akaja siku moja akasema mbele ya mume wangu kwamba mie nafuga majani.

Mume wangu hapendi ugomvi. Akakata shauri: Ramadhani ikiingia hakuna tunda, chanja kinashushwa.

Iliniuma jamani. Ule ua ndio starehe yangu.

Ramadhani ikiwa bado mbali kidogo, nikaenda Mtoni kumtazama shoga yangu Rahma, kajifungua. Nakuta ukutani kwake pesheni zimening'inia, mmea uleule, maua yaleyale. Nikashikwa na wivu, siwafichi. Akanambia mbegu aliletewa kutoka Pemba.

Palepale nikaingia kwenye simu. Kumbe pesheni ya manjano haizai kwa unga wa maua yake yenyewe! Inataka unga wa mmea mwengine, usiokuwa wa damu yake.

Nikacheka peke yangu. Mtaani kwetu pando hatununui, tunaombana, tunaamini la kuomba ndilo linaloshika. Mie nilikata kwa jirani, jirani alikata kwa mwenziwe. Kwa hivyo mtaa mzima ni mmea mmoja, nyuki wanazunguka bure.

Maua yale hufunguka mchana, jioni yashafumba. Nikaazima hotpoti kwa Rahma, nikatandika kitambaa kilicholowa, nikapanga maua, nikapanda gari mbio.

Jirani kaniona mlangoni na hotpoti, kajua biriani. Nikamfunulia. Kanitazama kama nshaharibikiwa.

Nikapaka ua moja baada ya jengine, unga wa Mtoni juu ya maua yangu, mpaka shingo ikakakamaa.

Wakuu, wiki haijesha, vitunda! Nilimwita mume wangu kwa kelele mpaka akaja na fimbo, akidhani nyoka. Nililia, wallahi.

Ramadhani imeingia chanja kimeinama kwa uzito. Futari ya mwanzo tu nikamwalika wifi. Kanywa gilasi, kaongeza, kauliza pesheni nzuri hivi nimenunua wapi.

Mume wangu akamjibu: "Ndiyo yale majani, dada."

Habari ya magunia sijaisikia tena mpaka leo.

Wakati wa kuondoka akaninong'oneza: "Wifi, nikatie pando na mie."

Nikamkatia mawili, la kwangu na la ule mmea niliouleta baadaye kutoka Mtoni, nikamweleza na sababu. Sikuwa na kinyongo, nilikuwa nimeshiba ushindi.

Nilichojifunza: mmea ukigoma, usikimbilie mbolea wala husuda za watu. Uliza kwanza umetoka kwa nani.

Haya, na nyie pesheni zenu zinazaa? Semeni mlikata wapi, na kama mko Unguja tubadilishane. Hotpoti ninayo.